Dume wa nkejje anatoka na ukungu na mistari pichani: shida ni taa, kioo au kamera?

NkejjeWaKyoga

Salaam wanajukwaa. Tangi ni sentimita 100 kwa 40 kwa 45, kioo cha milimita 8, liko sebuleni likitazamana na dirisha. Ndani kuna nkejje (samaki wadogo wa maziwa yetu) wenye mistari (Astatotilapia latifasciata, wale wa ziwa Nawampasa pembeni ya Kyoga, Uganda), madume 2 na majike 6. Dume mkubwa ana sentimita 10 hivi. Mchanga ni mweupe, kuna mawe, na taa ni ya LED ya wati 30 yenye kitufe cha kupunguza mwanga.

Vifaa: simu ya kawaida yenye modi ya Pro, na kamera ya APS-C (sensa ya ukubwa wa kati) ya kuazima yenye lenzi ya 18-55 na flashi moja ya kuchomeka juu.

Kwa simu, samaki akitulia picha inakubalika, akisogea kidogo anakuwa ukungu. Tena kuna mistari ya giza inayolala kukatiza picha, na juu yake dirisha pamoja na vidole vyangu vinaonekana kwenye kioo. Kwa kamera na flashi napata doa kubwa jeupe katikati na chembe nyeupe kila mahali, kama mtu amemwaga unga wa posho ndani ya maji. Na kwa vyote viwili dume ambaye kwa macho ni wa njano na mwekundu mgongoni anatoka kijivu.

Nimeambiwa ninunue polaraiza, kile kichujio cha mbele ya lenzi cha kukata mng'ao. Ninunue? Na je, lenzi ya makro ni lazima?

---

JiweLaChini

Polaraiza acha. Inakata mng'ao wa kioo pale unapokitazama kwa mshazari mkubwa, kama nyuzi 55 hivi kutoka kusimama mkabala na kioo. Tangi la samaki halipigwi mshazari. Mwanga ukitoka majini kuja hewani unapinda, na kila rangi inapinda kivyake. Ukisimama pembeni, magamba yanapata kivuli cha pili na kingo za zambarau na kijani, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayorekebisha hilo. Lenzi itazame kioo kwa nyuzi 90. Ukilazimika kuchepuka, nyuzi 5 zinavumilika, 20 tayari picha imeharibika. Na ukisimama sawasawa hivyo, polaraiza haiwezi kuukata mng'ao. Inachobaki kufanya ni kukunyang'anya zaidi ya nusu ya mwanga, na mwanga ndio unaokupungukia.

Mng'ao dawa yake ni giza. Huku kwetu jua limezama kufikia saa moja, kwa hiyo kuanzia saa moja na nusu usiku dirisha lako si tatizo tena. Zima taa za sebuleni zote, zima televisheni, funga mlango wa korido kama kuna balbu. Vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe linaonekana kwenye kioo hata gizani kwa mwanga wa tangi lenyewe. Kisha chukua manila nyeusi, kata tundu linaloingia mdomo wa lenzi kwa kubana, ukubwa wa manila uwe angalau sentimita 50 kwa 50. Unapiga ukiwa nyuma yake. Vidole havitaonekana tena.

Sasa maji na kioo, ambavyo watu huviruka halafu wanalaumu kamera:

Badilisha maji siku moja kabla, robo au theluthi ya tangi, wala usibadilishe siku ileile. Maji ya bomba yanakuja na gesi iliyobanwa ndani yake. Yakiingia kwenye tangi lenye joto la nyuzi 25 au 26 gesi inatoka, na kwa saa kadhaa unaona viputo vidogo vimeganda kwenye kioo, kwenye mawe, mpaka kwenye mapezi. Dawa ya kuondoa klorini inahitajika kama kawaida.

Pamba mpya nyeupe ya kuchujia iweke kwenye filta jioni ya siku hiyo ya kubadilisha maji. Kama maji yana unjano wa magogo au majani, ongeza mkaa wa filta kwa saa 24 mpaka 48. Hizo chembe zako za posho nusu yake ni uchafu unaoelea. Nusu nyingine ni mahali ulipoweka flashi, hilo namwachia anayejua zaidi.

Mwani wa ndani ya kioo: kadi ya plastiki iliyokwisha muda inakwangua vizuri kuliko sponji, ila angalia punje ya mchanga isinase chini yake, itakuchorea kioo mstari wa kudumu. Nje, zile alama nyeupe za maji yaliyokauka haziondoki kwa kitambaa. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, loanisha kitambaa (usipulizie karibu na tangi), futa, kisha kausha kwa kitambaa kikavu cha maikrofaiba. Sabuni ya kioo usiisogeze hapo.

Dakika 10 kabla ya kupiga zima filta na pampu ya hewa ili maji yatulie. Weka alamu ya dakika 30 kwenye simu ya kukukumbusha kuwasha. Bakteria wa filta wanaishi kwa oksijeni ya maji yanayopita, ukiwasahau mpaka asubuhi utaamka na tatizo lingine kabisa.

Na usiwalishe tangu jana yake. Mshikaji anaweza kutoka na mapezi yote wazi, rangi zote, halafu chini ananing'iniza uzi wa mavi wa sentimita 4.

---

MwangaWaJuu

Kaka, kamera yako inatosha na lenzi inatosha. Ile 18-55 ikiwa kwenye 55 inakaribia mpaka sentimita 25 au 28 kutoka kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha (alama ya duara lililokatwa na mstari juu ya kamera), na hapo samaki wa sentimita 10 anajaza fremu. Makro utaihitaji ukitaka jicho peke yake, au samaki wa sentimita 3.

Tatizo ni flashi iko juu ya kamera. Pale inapiga kioo ikirudi moja kwa moja kwenye lenzi, ndilo doa lako. Na kila chembe iliyo kati ya lenzi na samaki inamulikwa usoni, ndiyo posho yako. Itoe. Nunua kitumio cha redio, kile cha vipande viwili, kimoja kwenye kamera kingine kwenye flashi. Flashi ilaze juu ya kifuniko cha kioo cha tangi, ikitazama chini, mbele kidogo ya mahali samaki atakapokuwa ili uso wake usiwe kivulini. Kama tangi halina kifuniko, kata kipande cha kioo cha milimita 4 kivuke kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Usiishike kwa mkono juu ya maji wazi na usiifunge ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), inapata joto.

Chini ya flashi tandika karatasi nyeupe ya kuokea, tabaka mbili, kulainisha mwanga. Magamba ya samaki yana fuwele zinazorudisha mwanga kama vioo vidogo, na mwanga mkali wa sehemu moja unaleta madoa meupe ubavuni yasiyo na maelezo yoyote ndani.

Mpangilio wa kuanzia: modi ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata (muda wa kupokea mwanga) 1/160 ya sekunde, f/8 (tundu la lenzi, namba ikikua tundu linabana), ISO 200 (wepesi wa sensa kwa mwanga), flashi kwa mkono (si TTL, ambapo kamera inajipangia nguvu) kwenye 1/4. Faili la RAW (picha ghafi). Mizani ya weupe weka alama ya flashi.

Kabla ya kumtafuta samaki, fanya jaribio hili. Zima flashi, piga picha moja kwa mpangilio huohuo. Inatakiwa itoke karibu nyeusi. Ikitoka nyeusi, maana yake taa ya tangi haichangii kitu, picha yote itachorwa na flashi, na flashi kwenye nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi mno kuliko shata yoyote utakayoweka. Samaki anagandishwa na flashi, si na shata. Kama haitoki nyeusi, punguza ISO au funga tundu hadi f/11. Lakini taa ya tangi usiizime. Samaki aliyeko gizani akipigwa flashi anaruka na kujigonga kwenye kioo, aliyezoea mwanga hashtuki sana, baada ya mara tatu nne anakupuuza.

Picha ikiwa na giza, ongeza nguvu hadi 1/2 au shusha flashi karibu na maji. Umbali una nguvu kubwa: flashi ikitoka sentimita 15 hadi 30 juu ya samaki, anapata robo tu ya mwanga wa mwanzo.

Tumbo litakuwa na kivuli kwa sababu mwanga unatoka juu. Weka ukanda wa karatasi ya alumini nje ya kioo cha mbele, chini ya ukingo wa fremu yako, uegemee nyuzi 45 urudishe mwanga juu. Ni vya jikoni hivyo, na vinafanya kazi.

Sasa fokasi, hapa ndipo picha nyingi zinapokufa. Kwa 55mm, samaki akijaza fremu, unene wa eneo linalotoka kali, bila ukungu, ni kama milimita 6 kwa f/8 na karibu 9 kwa f/11. Zaidi ya f/16 picha nzima inaanza kulainika, usiende huko. Dume wa sentimita 10 akigeuka nyuzi 10 tu, mkia unakuwa nyuma ya jicho kwa karibu sentimita 1.7. Yaani jicho linang'aa, mkia umepotea. Kwa hiyo unasubiri awe sambamba na kioo, ubavu mzima, na fokasi iwe kwenye jicho.

Kumfukuza na fokasi ya kamera ni kupoteza usiku. Nkejje dume ana himaya yake. Anazunguka, anafukuza, anarudi kwenye jiwe lilelile kila baada ya sekunde chache. Weka kamera kwenye tripodi, fokasi kwa mkono kwenye ukingo wa jiwe lake, halafu ngoja. Akipita juu ya ukingo huo sambamba, bonyeza. Kati ya picha 100 ukipata 5 umefanya vizuri.

---

SimuTu_Mbale

Kwa upande wa simu. Hiyo mistari ya giza ni taa yako, simu haina kosa. Umeme wetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya LED yenye kigeuzi cha bei nafuu inapepesa mara 100 kwa sekunde. Sensa ya simu inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mistari iliyosomwa taa ikiwa imefifia inatoka na giza. Kipunguza mwanga kinaongeza mambo, maana vingi vinafanya kazi kwa kuwasha na kuzima taa kwa kasi nyingine isiyo 100. Kwanza peleka kitufe hadi mwisho, asilimia 100. Kisha kwenye Pro weka shata 1/100 au 1/50, hapo kila mstari unapata mpepeso mzima na giza linaondoka.

Shida: samaki anayeogelea polepole, sentimita 10 kwa sekunde, anasogea milimita 1 nzima katika 1/100. Magamba yanafutika. Kwa samaki anayetembea unahitaji 1/250 au zaidi, na kwa 1/250 mistari inarudi.

Njia ya kutoka ni taa isiyopepesa. Ukanda wa LED wa volti 12, mita 1 au 2, ukaufunga moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri haina mizunguko. Usipitishe kwenye inveta ukarudisha 240, utakuwa hujafanya kitu. Faida ya pili ni kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi taa inaendelea, na volti 12 juu ya maji si hatari kama waya wa ukutani. Kuipima taa yoyote: weka shata 1/1000, elekeza simu kwenye taa yenyewe. Ukiona mistari, taa inapepesa; usipoona, ni salama.

Mengine ya simu kwa haraka: zima modi ya usiku na HDR, zote zinaunganisha picha kadhaa na samaki akisogea anapata mkia wa pili. Tumia kamera kuu kwa 2x. Ile makro ya pembe pana simu inayojiwashia yenyewe ukikaribia, izime, inapinda umbo la kichwa. ISO 400 hadi 800. Gusa jicho la samaki kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge. Kata kipande cha bomba la ndani la baiskeli kizunguke kamera na ukigandamize kwenye kioo. Mng'ao wote umekwisha, ila samaki awe sentimita 10 au zaidi ndani, vinginevyo simu haitapata fokasi.

Flashi ya simu yenyewe? Hapana.

---

JiweLaChini

Naongeza moja nililosahau, la ukijivu. Mchanga mweupe ndio unaomfifisha dume. Samaki hawa wanajirekebisha na sakafu, juu ya weupe wanapauka ndani ya dakika chache. Huna haja ya kubadilisha mchanga wote. Eneo la jiwe lake, kama sentimita 30 kwa 30, funika kwa changarawe nyeusi au ya kahawia iliyooshwa, siku 3 au 4 kabla. Nyuma ya tangi, kwa nje, bandika kitambaa cheusi kisichong'aa.

Akiendelea kukataa kupandisha rangi, mwonyeshe kioo kidogo cha kujitazamia kwa nje, ubavuni mwa tangi. Atafungua mapezi yote akidhani ni mpinzani. Dakika 2, ondoa. Ukimwachia nusu saa unamchosha bure na hasira atazimalizia kwa majike.

---

NyumbaYaSamaki

Mbona hakuna aliyemtajia kisanduku cha kupigia? Tangi la mita 1 lina mawe, samaki 8, na nafasi ya sentimita 40 ya kwenda nyuma. Tengeneza kisanduku cha kioo cha milimita 4, urefu 30, upana 12, kimo 20. Maji yakifika sentimita 15 ni kama lita 5 tu. Silikoni iwe ile tupu yenye harufu ya siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uiache saa 72 kabla ya maji. Ndani kata kioo kingine cha urefu wa 28.5 na kimo cha 19 kiwe ukuta wa kusogeza. Kingo zake zisugue kwa msasa wa maji mpaka zisikate ngozi, maana samaki ataparuza hapo. Ukuta unasogezwa mbele mpaka samaki abaki na nafasi ya sentimita 3 au 4, unaubana juu kwa vibanio vya nguo. Hapo hana namna ila kukaa sambamba na lenzi.

Maji yatoke kwenye tangi lake lilelile. Mchote kwa jagi la plastiki, wavu unachana mapezi. Dakika 10, zisizidi 15, na ufunike juu kwa sababu wanaruka. Na kama picha ni ya utambuzi, kichwa kitazame kushoto, ndivyo wataalamu wa samaki wanavyolinganisha, weka rula ndani, na hakikisha yale madoa ya njano ya pezi la chini karibu na mkia yanahesabika.

---

MwangaWaJuu

@NyumbaYaSamaki kwa utambuzi nakubali mia kwa mia. Kwa rangi, hapana. Dume ukimtoa kwenye himaya yake ukambana kati ya vioo viwili, njano inazimika na mistari ya woga inakolea, na ndilo analolalamikia mwenye mada. Nkejje mmoja na mwenzake tunawatofautisha kwa rangi ya dume aliyechangamka. Kwenye kisanduku unapata umbo sahihi na rangi ya uongo.

---

NyumbaYaSamaki

Ndiyo maana picha za kwanza zinapigwa ndani ya sekunde 30 za mwanzo, kabla hajapauka. Flashi na fokasi viwe tayari kabla ya samaki kuingia, jaribu kwa kipande cha karoti kilichosimamishwa mahali pake. Lakini sawa, kama anataka dume anayejigamba, tangi kubwa.

---

NkejjeWaKyoga

Asanteni sana. Flashi juu ya kifuniko na manila nyeusi vimekaa, dirisha limepotea na posho imepungua sana. Changarawe nyeusi imelala kwenye jiwe lake. Maswali mawili. La kwanza, nilipandisha shata hadi 1/400 nikidhani nitagandisha vizuri zaidi, theluthi ya chini ya picha ikawa nyeusi tii, mpaka ukingo umenyooka kama umekatwa kwa rula. Flashi imeharibika? La pili, rangi zimerudi lakini kila kitu kina ukijani kidogo.

---

MwangaWaJuu

Flashi nzima kabisa, ssebo. Kamera ina pazia mbili. Kwa shata ya polepole pazia la kwanza linafunguka lote, flashi inawaka, ndipo la pili linafunga. Ukipita kikomo chake, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, na flashi inakuta sehemu ya sensa imeshafunikwa. Rudi 1/160. Vitumio vya redio vya bei rahisi vinachelewa kidogo, kwa hiyo hata 1/200 inaweza kuacha ukanda mwembamba wa giza. Huhitaji 1/400, kinachogandisha ni flashi.

Ukijani ni kioo. Kioo cha kawaida kina chuma kidogo ndani, kitazame ukingoni utauona ukijani wenyewe, na mwanga wako unapita kifuniko juu na milimita 8 mbele. Chukua kipande cha plastiki nyeupe isiyong'aa, kama kifuniko cha kopo la siagi, kitumbukize alipokuwa samaki, piga picha moja kwa mwanga uleule. Kwenye programu ya kuhariri gusa kifuniko hicho kwa kidonoa-rangi cha mizani ya weupe, kisha nakili mpangilio huo kwa picha zote za usiku huo. Ukisogeza flashi au ukibadilisha karatasi ya chini yake, piga kifuniko upya.

---

SimuTu_Mbale

Na kifuniko hicho ukitoe kabla ya kuanza kumpiga dume. Cheupe namna hiyo kando ya jiwe lake, atakishughulikia hicho badala ya kukutazama wewe.